Mwongozo kamili: jinsi chuo kinavyoweza kumpata mwanafunzi asiye na hela kabla hajaondoka kimyakimya

Kila mwaka ikifika Novemba napata ujumbe ule ule toka kwa watu tofauti, afisa mikopo wa chuo hiki, waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi ya chuo kile: "Mkuu, tulianzisha mfuko wa wahitaji, tukatangaza, fomu zikajaa, hela ikatoka, na bado kuna dogo kaacha chuo wiki ya tisa na hakuwahi hata kugusa hiyo fomu."

Nimekaa ofisi ya wanafunzi miaka kadhaa na hilo kosa nimelifanya mwenyewe, tena sio mara moja. Mnakaa ofisini mnasubiri mwenye shida aje. Sasa anayekuja ni yule anayejua kuomba, ana rafiki serikali ya wanafunzi, anajua ofisi iko ghorofa ya ngapi. Yule mwingine ambaye ndo ulikuwa unamtafuta anaona aibu, au hajui kama kuna kitu kama hicho, au kashajisemea kwamba vitu vya hivyo ni vya wenye watu wao.

Kwa hiyo mwongozo huu unageuza kazi: chuo ndo kinamtafuta mwanafunzi. Nimetumia mazingira ya vyuo vya Tanzania kwa sababu ndo ninayoyajua, Bodi ya Mikopo ya serikali, bumu (hela ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo), UE (mtihani wa mwisho wa muhula) na kadhalika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Orodha ya waliosajiliwa, yenye namba za usajili.
- Orodha ya mgao wa mkopo ya mwaka huu, inayoonyesha kila kipengele kivyake: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalum ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Afisa mikopo wa chuo anayo.
- Orodha ya malipo toka uhasibu, nani kalipa nini na tarehe gani.
- Namba za simu za mawodeni wa hosteli, CR wote (wawakilishi wa madarasa), na mtu mmoja wa kantini.
- Hela kidogo unayoweza kuitoa siku hiyohiyo bila sahihi saba. Hata milioni moja inatosha kuanzia. Mfuko wa milioni ishirini unaosubiri kikao cha kamati kila mwisho wa mwezi hautamsaidia mtu ambaye hajala tangu jana.
- Watu watatu wanaojua kufunga mdomo, angalau mmoja awe mwanamke.
- Chumba chenye mlango unaofunga. Sitanii, vyuo vingi hakuna, mwanafunzi anaeleza matatizo ya nyumbani kwao huku watu watano wamepanga foleni ya kugonga mhuri nyuma yake.

## Hatua ya 1: Pata cha kutoa kabla hujamtafuta mtu

Nenda kwa mkuu wa chuo au naibu wake wa fedha, omba barua ya ukurasa mmoja tu inayoruhusu ofisi yako vitu vitatu: kumsogezea mwanafunzi tarehe ya ada, kumgawia ada kwa awamu ndogo kuliko zile za kawaida, na kumruhusu aingie UE wakati deni linashughulikiwa.

Kwa nini hii ianze? Kwa sababu ukianza kuita watu na kuwauliza habari za kwao wakati huna cha kuwapa, hapo unafanya umbea tu wenye mhuri wa ofisi. Na wakishajua huna kitu hawatarudi, na watawaambia wenzao.

Onyo: usikubali ahadi ya mdomo. Mhasibu hafanyi kazi na "bosi alisema", na ana haki yake.

Utajua umefanikiwa ukiwa na barua mkononi na nakala yake iko mezani kwa mhasibu.

## Hatua ya 2: Unganisha zile orodha tatu

Fungua Excel, weka orodha zote tatu pamoja kwa kutumia namba ya usajili. Usitumie majina, utalia. Mwanaidi kwa uhasibu ni Mwanaid, kwenye mkopo ni Mwanahidi, na ukiunganisha kwa jina unapata wanafunzi watatu ambao ni mmoja.

Ifanye wiki ya tano au ya sita ya muhula. Mapema zaidi kila mtu anadaiwa, ukichelewa zaidi walioshindwa washaanza kuondoka.

Sasa chuja. Hawa ndo wa kuwaangalia:

Wasio na mkopo kabisa na hawajalipa hata awamu ya kwanza. Hao wako wazi, kila mtu anawaona.

Wenye mkopo wa chakula na malazi lakini kwenye ada wamepewa asilimia ndogo au sifuri. Hawa ndo wanaosahaulika kuliko wote! Ofisi inaona jina kwenye orodha ya wanufaika inasema huyu ana bumu, mwache. Piga hesabu na mimi: kiwango cha chakula na malazi kilipandishwa toka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Ikitoka ya siku 60 ni laki sita. Hapo kuna chumba, sahani ya wali maharage kwa mama ntilie ambayo ni 1,500 mpaka 2,000, nauli, bima ya mwanafunzi kama hana ya familia, vocha, na kuna deni la ada lililobaki. Halafu kuna kitu hakipo kwenye fomu yoyote: wengi bumu likiingia leo, kesho laki inatumwa nyumbani, mdogo wake yuko form three anatakiwa mchango, mama anaumwa. Kwenye karatasi huyo ni mnufaika. Nyumbani kwao yeye ndo Bodi ya Mikopo.

Wenye mkopo ambao bumu limetoka na hawajasaini kulipokea. Mtu hakatai hela. Kama hajasaini ujue anaumwa, kaondoka, au akaunti ina shida na kaogopa kuuliza.

Waliokuwa na chumba mwaka jana na mwaka huu hawajalipia. Hawa wengi wanabebwa, yaani wanalala kwenye vyumba vya wenzao.

Onyo: hii orodha ni ya kuwaangalia, sio ya wahitaji. Kuna mtoto wa mfanyabiashara hapo ambaye baba yake analipa tu dakika ya mwisho kwa tabia. Ndo maana kuna hatua zinazofuata.

Utajua umefanikiwa ukiwa na namba za usajili unazoweza kuzifanyia kazi kwa wiki mbili. Kama umepata nusu ya chuo, kaza kigezo, anza na wenye dalili mbili au zaidi.

## Hatua ya 3: Waulize wanaoona kwa macho

Kompyuta haioni njaa. Wodeni anajua chumba cha watu wanne kina ndoo sita. Mtu wa maktaba anajua nani analala pale mpaka kufungwa sio kwa sababu ya kusoma. Mama ntilie wa getini ana daftari la madeni, na ukikaa naye vizuri atakwambia bila kutaja jina kwamba "kuna kijana wangu mmoja siku hizi anakuja saa kumi tu, mchana simuoni". Hiyo ndo pasi ndefu, unaruka mchana unaunganisha na usiku, wanafunzi wanaitania lakini ikifika wiki ya tatu mtu anasinzia kwenye lekcha.

Waombe wakuletee namba ya chumba au jina kwa mdomo, kwa mtu mmoja wa ofisi yako. Basi.

Onyo kubwa: usiwatumie CR kukusanya majina kwenye grupu la WhatsApp. Usibandike orodha. Mwaka wangu wa kwanza nilibandika karatasi ubaoni, kichwa cha habari "WANAFUNZI WAHITAJI WAFIKE OFISINI", nikajiona mchapakazi. Asubuhi nikakuta karatasi bado ipo ila jina moja limekwanguliwa kwa kucha mpaka ubao unaonekana. Mwenye jina hakuja siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Nimeshasoma barua nyingi za malalamiko lakini ile tundu kwenye karatasi ndo malalamiko yaliyoniingia.

Pia kuna sheria sasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na habari za umaskini wa mtu, ugonjwa wa mzazi wake, ni taarifa zake yeye. Faili liwe na nywila, kabati liwe na kufuli.

## Hatua ya 4: Fomu ya ukurasa mmoja

Ile fomu yenu ya kurasa nane ichaneni. Fomu ndefu inapima nani anajua kuandika, haipimi nani ana njaa. "Eleza hali yako ya kiuchumi kwa maneno yasiyozidi 300", mtoto wa mwanasheria ataandika mpaka ulie, mtoto wa mvuvi ataandika "maisha magumu" na kuishia hapo.

Uliza vitu vyenye jibu moja:

- Jana ulikula mara ngapi? Juzi je?
- Usiku wa jana umelala wapi?
- Nani alikulipia shule form five na six?
- Kuna mtu unamtumia hela? Nani?
- Hela uliyonayo sasa itaisha lini?
- Familia yenu iko kwenye mpango wa kaya maskini wa TASAF?

Swali la tatu usilitoe. Kuna wanafunzi walisoma shule za binafsi za bei mbaya, ukiangalia harakaharaka unasema huyu ana uwezo, kumbe alilipiwa na parokia au mfadhili, na mfadhili kaishia form six. Wanaponzwa na jina la shule.

Onyo: usidai barua mpya ya serikali ya mtaa, cheti kipya cha kifo, sijui kiapo. Aliyeomba mkopo vyote hivyo alishavipeleka Bodi, fomu yake ilishapita kwa mwenyekiti na kwa wakili. Kumrudisha Kibondo akafuate mhuri ili apate elfu hamsini ya chakula ni kichekesho, nauli peke yake inazidi.

## Hatua ya 5: Mazungumzo ya dakika ishirini

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndo wengi mnafeli, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Muite mwanafunzi kwa ujumbe wa kawaida kabisa, "fika ofisini kuhusu usajili wako". Ni kweli kwa sababu usajili wake haujakamilika, na rafiki yake akiuona ujumbe hakuna cha kusema. Akifika funga mlango, na mwambie kwanza kwamba hana kosa. Mwanafunzi wa kitanzania akiitwa ofisini kitu cha kwanza anachowaza ni amefanya nini.

Nakupa sehemu ya mazungumzo niliyowahi kuwa nayo:

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, karibu mwanangu, kaa. Nimekuita mimi, huna kosa lolote."

"Asante mwalimu."

"Nimeona hosteli hujalipia, nikasema nikuulize kabla uhasibu hawajakuuliza. Unakaa wapi sasa hivi?"

"Nipo kwa rafiki yangu hapo hapo hosteli. Niko poa tu mwalimu."

"Chumba cha wangapi?"

"Wanne. Na mimi watano."

"Sasa unalala kitanda gani?"

Akacheka. "Inategemea mwalimu. Mwenye test kesho analala peke yake, mimi nahamia kwa asiye na test."

Angalia nilichofanya. Sikumuuliza "una shida gani", maana angesema hana, na alishasema yuko poa. Niliuliza kitu kinachohesabika, kisha kingine, kisha kingine. Mtu akiulizwa shida anajitetea, akiulizwa kitanda anajibu kitanda.

Akimaliza kujibu nyamaza. Hesabu mpaka kumi kichwani. Mara nyingi jambo lenyewe linakuja kwenye ile kimya, tena akiwa anaangalia chini au anakunja kona ya kitambulisho chake.

Maonyo: usimlinganishe na wewe ("sisi wakati wetu tulikuwa tunatembea kilomita kumi"). Usiangalie simu yake ukaamua ana hela, simu ndo darasa, ndo benki, na pengine kanunuliwa na mjomba mwaka juzi. Mabinti wape nafasi ya kuongea na mwanamke, kwa sababu kuna habari za mtu anayemlipia chumba huko mtaani ambazo hatamwambia mwanaume, na hizo ndo unatakiwa uzijue mapema. Na usiahidi kitu usichokuwa nacho kwenye barua ya hatua ya 1.

Utajua umefanikiwa akitoka akijua jambo moja la uhakika litakalofanyika na siku litakapofanyika.

## Hatua ya 6: Panga kwa haraka ya tatizo

Achana na kupanga watu kwa ngazi za umaskini. Majirani zetu Kenya walileta mfumo mpya wa kugharamia vyuo mwaka 2023, wanafunzi wakawekwa kwenye makundi kwa kukokotoa hali ya familia, na mwaka uliofuata malalamiko ya walioona wamewekwa kundi lisilo lao yakawa mengi mpaka barabarani. Wao wana hela za serikali na kompyuta za serikali. Wewe na Excel yako utaweza wapi kusema fulani ni maskini asilimia 62?

Weka mafungu matatu tu. Leo: hana chakula au hana pa kulala. Wiki hii: anakaribia kufungiwa usajili, bima imeisha, anaumwa. Muhula huu: ada, vifaa vya vitendo, hela ya fildi (mafunzo kwa vitendo nje ya chuo). Uamuzi wafanye watu wawili wakiangalia namba ya usajili bila jina, na fungu la "leo" lisisubiri kikao chochote.

## Hatua ya 7: Toa bila kumuumbua

Chakula: lipa kantini moja kwa moja, na kadi au tiketi iwe ileile wanayotumia wengine. Ukitengeneza ya rangi tofauti umeshamvalisha bango.

Ada: mwombe mhasibu atoe kontrol namba (namba ya kulipia) ya kiasi kidogo. Elfu themanini kwa mwezi inalipika, laki sita kwa mkupuo hailipiki, japo baada ya miezi minane ni karibu hela ileile.

Kazi za maktaba na maabara ni nzuri lakini ziwe saa chache na zilipwe kwa wakati, la sivyo umempa njaa na uchovu pamoja.

Hela taslimu itume kwa simu, kidogo kidogo kila wiki ni bora kwa wengi kuliko yote kwa pamoja. Kwa wengi nimesema, kuna mwenye deni la kodi ya chumba huyo mpe yote leo.

Onyo: hakuna picha. Najua mfadhili anataka ile hundi ya mfano kubwa kama mlango na wanafunzi wamepangwa mbele. Mpe risiti, mpe ripoti yenye idadi, mpe chai. Wanafunzi usimpe.

## Hatua ya 8: Rufaa na maombi ya mwaka unaofuata

Msaada wa chuo ni wa kuvuka mto, mkopo wa Bodi ndo wa safari. Dirisha la rufaa la Bodi likifunguliwa kaa na kila mwanafunzi wa orodha yako mbele ya kompyuta, usimtumie linki tu.

Makosa yanayorudi kila mwaka ni yaleyale: jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la form four, cheti cha kuzaliwa au cha kifo cha mzazi hakijahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo (kwa waliotoka Zanzibar ni wakala wao, ZCSRA), ukurasa wa sahihi wa serikali ya mtaa au wa wakili umeachwa wazi au umeskaniwa haisomeki, aliyefadhiliwa sekondari hajaweka barua ya mfadhili, mwenye ulemavu hajasainiwa na mganga mkuu. Hakuna hata moja hapo linalohusu umaskini, yote ni karatasi, na mtu anakosa mkopo mwaka mzima kwa sababu hiyo.

Kuna na lile la ada ya maombi elfu thelathini. Kwako ni hela ya mafuta ya gari. Nimeona wanafunzi ambao hawakuomba mkopo kabisa kwa kukosa hiyo elfu thelathini, wakajiambia wataomba mwakani. Tenga fungu la kuwalipia, hakuna hela nyingine kwenye mfuko wako itakayorudi na faida kubwa kama hiyo.

Utajua umefanikiwa akikuonyesha kwenye akaunti yake kwamba ombi limepokelewa. "Nimeshatuma mwalimu" haitoshi, mwambie afungue uone.

## Hatua ya 9: Rudi wiki mbili kabla ya UE, halafu wapigie walioondoka

Rudia ile hatua ya 2 nzima, itachukua nusu saa kwa sababu faili lipo. Utaona majina mapya ambayo wiki ya sita yalikuwa safi. Mzazi kafariki katikati ya muhula, biashara imeungua, mjomba kasitisha.

Mwisho chukua orodha ya walioahirisha mwaka na waliopotea bila taarifa. Hii hakuna chuo kinapenda kuiangalia. Wapigie kwa simu ya ofisi, mmoja mmoja, jioni ambapo mtu katoka shamba au kwenye bodaboda, msalimie, muulize wa nyumbani hawajambo, mwambie nafasi yake ya kurudi ipo kama ipo kweli. Kisha muulize swali moja: ilikuwa wiki ya ngapi ulipoona haiwezekani tena?

Andika hiyo namba pembeni ya jina. Ukimaliza wote tafuta wiki inayojirudia, na mwakani hatua ya 2 uianze wiki mbili kabla yake.